Kalista Hakumwonjea Clemens

Dada yangu Kalista hakuwahi kumpiga mtu kofi maisha yake yote. Nalitanguliza hili kwa sababu wapo watu wa Mollo mpaka leo wanaosema alimroga Clemens, na nikisikia maneno hayo damu inanichemka. Angekuwa na uchawi mngeuona. Mimi Fransiska, mdogo wake wa tumbo moja, ningekuwa wa kwanza kwenda kuuazima.

Alikuwa mwanamke wa kawaida kabisa. Mfupi, mikono mipana kwa kugeuza matuta, sauti ya chini mpaka unainama ndipo umsikie. Alilima ulezi na maharage, alikwenda Misa, na zamu yake ilipofika alipika kimpumu. Kwa asiyekijua, kimpumu ni pombe yetu ya ulezi. Inatiwa nzito kwenye kibuyu, inamwagiwa maji ya moto, halafu unaivuta taratibu kwa mrija. Kwa baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita, mtu haulizwi kwa nini anakunywa. Wapishi wa kijijini kwetu walipokezana Jumapili, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na Jumapili ya Kalista wanaume walitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Padri alijua, akawa anafupisha mahubiri.

Sasa, kimpumu kina heshima yake. Mpishi hakukabidhi kibuyu kabla hajavuta mrija yeye kwanza. Anavuta funda moja mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakupa. Maana yake humu hamna kitu, kunywa, mimi na wewe hatuna neno. Halisemwi, linafanywa tu. Anaonjewa mkwe, anaonjewa padri, anaonjewa hata yule mliyegombana naye juzi kwa sababu ya mbuzi. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya pombe, na mpaka mwaka ule sikuwa nimeona mtu akinyimwa funda hilo.

Mume wake aliitwa Eustaki. Alikuwa dereva wa lori la ushirika mmoja wa kusomba mazao, ushirika ambao sitautaja, maana umekwisha kufa na wafu hatuwasemi. Shemeji alikuwa mtu wa lori hasa. Ukimpa chai anakueleza lori, ukimpa ugali anakueleza lori. Ndiyo sababu mimi mkulima wa maharage ninajua habari za breki kuliko wanaume wengi.

Breki za lori lile zilikuwa za upepo. Injini inajaza upepo kwenye tangi, dereva akikanyaga, upepo unabana magurudumu. Ila upepo ni kitu cha kwisha, kwa hiyo waliolitengeneza waliweka breki nyingine ya siku mbaya. Nyuma, karibu na magurudumu, kuna springi kali. Tangi likiishiwa upepo, springi zinafunguka zenyewe na kushika magurudumu, hata kama dereva amezimia. "Shemeji," Eustaki alikuwa akiniambia, "hii ya mguuni ni ya kusimamia. Ile ya springi ndiyo ya kumwokoa mtu."

Basi mwaka wa themanini na tatu, mwaka ule wa kuwasaka wahujumu uchumi, sabuni hakuna, sukari hakuna, spea ndiyo usiseme. Tangi la lori likaanza kuvuja. Likilala, asubuhi upepo umekwisha, springi zimeshika, lori haliondoki mpaka injini ingurume na watu wachoke kungoja. Bwana usafirishaji wa ushirika alikuwa Clemens, mtu wa Mollo hapa hapa, ofisi yake Katandala mjini, nyumba yake ng'ambo ya kisima chetu. Clemens akachoka kungoja. Akaamuru springi zirudishwe nyuma na kufungwa kwa bolti ili zisishike tena. Lori likatembea vizuri kabisa. Na ile breki ya kumwokoa mtu ikawa imefungwa kamba.

Eustaki alilalamika. Alilalamika ofisini, akalalamika karakana, na jioni ya mwisho alilalamika kwa mkewe huku ugali unapoa. Alisema Clemens amemjibu hivi: "Mazao ya wananchi yanaoza na wewe unaniletea habari za springi? Unataka niseme wewe ni mhujumu?" Mwaka ule neno hilo lilikuwa linafunga watu. Kalista akamwambia asiende. Yeye akamjibu, nisipokwenda mimi watampa mwenye mkono mbaya kuliko wangu.

Siku hiyo nilikuwemo kwenye lori. Nilikuwa nashuka Muze, bonde la Rukwa, kubadilisha maharage kwa mpunga. Njia ya kushukia kule inapasua ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa mlima unaoangukia bondeni, na anayeijua haiongelei akiwa anakula. Madereva wetu wana desturi pale juu, wanasimama, abiria wote wanashuka na kutembea, lori linateremka na mzigo peke yake. Eustaki akasimama. Tukashuka, mimi na kapu langu, wenzangu kama kumi, na Alfonsi jirani yetu aliyekuwa na magunia yake sita ya maharage. Na Clemens, aliyekuwa amekaa mbele kwenye kiti cha heshima, yeye ambaye siku zote alipita pale amekaa na kutucheka sisi waoga, siku ile naye akafungua mlango akashuka. Tulimwona wote.

Lori likatangulia. Kona ya kwanza likaenda vizuri. Kona ya pili tukasikia honi, ndefu, haikatiki. Sisi tulikuwa juu, tunaliona lote chini yetu, linakimbia kama halina mtu. Eustaki alilisukuma kwenye ukuta wa mlima mara moja, mara mbili, alitaka kulikwaruza lisimame. Upepo ulikuwa umekwisha, na springi zilikuwa zimelala kwenye bolti zake. Tulimkuta bado ameshika usukani.

Sitaelezea tulivyomtoa.

Wakaja wachunguzi. Clemens akasimama mbele yao, kofia mkononi, na kusema kwamba marehemu alikuwa mlevi. Akasema alinuka pombe tangu asubuhi, na kila mtu anajua mkewe ni mpika pombe. Ni kweli shati lake lilinuka. Lilitundikwa kwenye nyumba ambayo ulezi unachacha mwaka mzima, linuke nini, waridi? Hata mtoto mchanga angenuka hivyo hivyo. Lakini Kalista aliyepika kwa mikono yake alijua kwamba Eustaki hakuwa ameonja kitu tangu Jumapili.

Nikasema mimi, habari za bolti na za Clemens kushuka. Nikaambiwa nina uchungu wa msiba, nikae. Wakaulizwa abiria wenzangu. Mmoja alikuwa anakojoa. Mwingine aliingiwa na vumbi machoni. Alfonsi akasema, "Mimi sikuona kitu, nilikuwa nafunga kapu langu." Alfonsi alikuwa na magunia mengine nyumbani, na lori jingine la ushirika lingekuja kuyachukua, na mwenye kusema lije au lisije ni Clemens. Tumbo lina maneno yake. Ikaandikwa dereva alikuwa amelewa, kesi ikaisha, na Silvana, binti yao, akawa anaitwa mtoto wa mlevi mpaka akachukia shule.

Mimi nilitaka damu. Tusifichane, sisi watu wa Sumbawanga tumesingiziwa radi nchi nzima, mtu akitoka Dodoma akasikia ngurumo anauliza kama kuna Mfipa karibu. Nikamwambia dada, kama sifa tunayo, basi tuitumie. Nilisikia kuna mzee upande wa Laela. Tumpelekee kuku, tumtafute Clemens siku ya mvua.

Kalista alikuwa anapepeta ulezi. Hakuacha kupepeta. "Radi inaua mara moja," akasema. "Clemens akifa, nani atasema kwamba Eustaki hakunywa? Mimi simtaki maiti. Namtaka mzima, na mdomo wake. Mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale."

Nikamwuliza atamlazimishaje. Akasema pombe ndiyo waliyomshitaki nayo mume wake, na yeye anajua kupika pombe.

Matanga yakaanuliwa. Zamu yake ikafika. Watu wakajaa uani, wengine kwa kiu, wengine kutazama mjane anaendeleaje. Na Clemens akaja. Angefanyaje? Mtu mkubwa wa Mollo asiyekaa na wenzake Jumapili ataonekana anawaza mabaya, na asipokuja kwa mjane wa dereva wake ndiyo kabisa. Akaja na kanzu safi, akakaa mbele.

Kalista akaanza kugawa. Anamwaga maji ya moto, anavuta funda, anameza, anakabidhi. Akafika kwa Clemens. Akapiga goti kama inavyopasa. "Shikamoo, mzee Clemens." "Marahaba, mama Silvana." Akamwaga maji ya moto, akageuza mrija umwelekee, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Hakuonja.

Clemens akacheka kidogo. "Mama Silvana, umesahau."

"Sijasahau, mzee," dada akasema kwa sauti yake ile ile ya chini, akahamia kwa mtu wa pili, akamwonjea.

Clemens akabaki na kibuyu. Kunywa aliogopa. Kurudisha ni kukiri kwamba anayo sababu ya kuogopa. Kwa nini mjane wa mtu akuwekee sumu, kama hukumfanya kitu mumewe? Akakishika mpaka kikapoa. Mwishoni akasema tumbo linamsumbua, akaondoka, na mrija haujaguswa. Nilikaa jikoni nimeuma upande wa kanga nisipige vigelegele.

Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa ya mpishi mwingine, mama mtu mzima asiyependa ugomvi. Clemens akaketi kwa raha. Yule mama akafika kwake, akasita, akamtazama Kalista aliyekuwa amekaa pembeni, halafu akampa kibuyu hivyo hivyo. Baadaye nilimwuliza. Akanijibu, "Mwenye msiba hajamwonjea, mimi ni nani nimwonjee?" Wa tatu akafanya vile vile. Hawakukutana wala hawakupanga. Kila mmoja aliogopa kuwa yeye ndiye atakayesema kwamba mimi na Clemens hatuna neno.

Akajaribu njia zake. Jumapili moja alikuja na mkewe, Kristiana, mwanamke mwema ambaye sijui alimwokota wapi. Kalista alimwonjea Kristiana funda kubwa, akamwuliza hali ya mguu wake, akampa kibuyu kwa tabasamu. Kisha akampa Clemens cha kwake, bila kuonja. Kristiana masikini akakichukua akamwonjea mumewe. Jamani. Mwanamume mzima anaonjewa na mkewe kwenye uwanja wa watu, kama mtoto anayepuliziwa uji. Alfonsi alicheka mpaka akaanguka kwenye benchi. Tangu siku hiyo Alfonsi ndiye aliyekuwa fundi wa kumwiga Clemens akishika kibuyu kinachopoa, na watu wakawa wanamwomba arudie.

Kristiana akapika nyumbani kwake ili mumewe anywe kwa amani. Hakwenda mtu. Clemens akaanza kukimbilia Laela, kule kwenye kituo cha mabasi ambako wasiomjua ni wengi. Lakini madereva wa malori nao wana kiu, na madereva walikuwa wamempenda Eustaki. Haikuchukua muda mpishi mmoja wa Laela akamwuliza, "Wewe si yule mzee wa Mollo?" Akarudi na kiu yake.

Mvua zikaanza, na ngurumo. Niliambiwa Clemens analala chini ya kitanda. Nikampelekea dada habari hizo kama zawadi. Dada akasema, "Mwache aogope radi kama anapenda. Mimi sina radi." Ningetaka acheke, hakucheka. Nilimwona amekonda mwaka ule. Alikuwa anaamka, anapika, anagawa, anamngoja mtu mmoja aseme neno moja, na Silvana alikuwa hatoki tena nje kucheza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kilichomvunja Clemens ni binti yake mwenyewe. Alichumbiwa na watu wa upande wa Laela, familia nzuri. Wakwe wakaja na mambo yao yote. Kristiana akapika, akaonja mbele yao kwa heshima, akawakabidhi. Wakatazamana. Mzee wao akasema wamesikia kwamba kijijini kwa mkwe mtarajiwa hakuna anayemwonjea, na wao hawawezi kunywa kwenye nyumba ambayo majirani zake hawanywi. Wakarudisha vibuyu vimejaa. Wakasema watakuja tena mambo yakitengenea.

Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa ya Kalista. Clemens akaja. Hakukaa mbele. Alikaa mwisho wa benchi, kofia mapajani, kanzu haina pasi. Kalista akagawa mpaka akamfikia. Shikamoo, marahaba, maji ya moto, kibuyu.

Hakukipokea. "Nionjee, mama Silvana," akasema. "Nakuomba. Mwanangu ataharibikiwa."

"Na mimi nina mwana, mzee."

"Unataka nini kwangu?"

"Sema Eustaki alikunywa nini siku ile. Ukisema, nitaonja."

Clemens akanong'ona kitu. Mimi nilikuwa karibu na sikukisikia.

"Hawajasikia," dada akasema. "Ulipomwita mlevi ulisimama."

Akasimama. Alikuwa mtu mrefu, lakini siku ile hakuonekana mrefu. "Eustaki hakunywa kitu," akasema. "Nilisema uongo. Springi niliamuru mimi zifungwe bolti. Yeye alikataa, nikamtisha. Nilijua upepo unavuja." Akainamisha kichwa, tukadhani amemaliza. "Ndiyo sababu na mimi nilishuka."

Silvana alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno. Nilimtazama Kalista nikingoja alie, maana mimi nilikuwa nimeshaanza.

Dada akaleta mrija mdomoni. Akavuta funda, akameza. Clemens akanyoosha mikono yote miwili kupokea. Dada hakuachia mrija. Akavuta tena, na tena, taratibu, macho yake yakiwa kwenye macho ya Clemens, na sisi tumekaa tunamtazama, mpaka mrija ukaanza kukoroma chini ya kibuyu. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Nimeonja," akasema. "Nilisema nitaonja, mzee. Sikusema nitakupa."

Clemens akasubiri kidogo, labda alidhani ni utani. Kisha akavaa kofia yake akaondoka, na pamoja na ukubwa wake wote hakuinuka mtu wa kumsindikiza.

Alipopotea nyuma ya nyumba, Alfonsi akaachia kicheko alichokuwa amekibana. Akaokota kibuyu kitupu, akakishika kwa mikono miwili, akatoa macho kama Clemens, na benchi zima likamfuata kwa kicheko. Hata wale wawili, wa vumbi na wa mkojo, walicheka. Mimi pia nilicheka, nisidanganye, nikipangusa machozi.

Kalista alikuwa amerudi jikoni. Akatoka na kibuyu kipya, kimejaa, moshi unafuka. Akapita katikati ya watu bila haraka mpaka mbele ya Alfonsi. Akapiga goti. Akageuza mrija umwelekee.

"Karibu, kaka Alfonsi," akasema, akampa hivyo hivyo, hakijaonjwa.